KABLA YA KUNUNUA HITA YA MAJI ISIYO NA TANGI

Mwezi wa Juni unapoingia, baridi inayoshuka kutoka mlimani hubadili tabia za watu wa Moshi. Hata Pasua, kata iliyo kusini mwa katikati ya mji, kwenye kimo cha takribani mita 800 tu juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Februari kila mtu hutafuta kivuli, maji ya bomba ya alfajiri humfanya mtu asite mlangoni mwa bafu. Kwa miaka mingi dawa ya jambo hilo ilikuwa sufuria juu ya jiko la mkaa au juu ya mafiga. Siku hizi maduka ya vifaa vya umeme yanauza dawa nyingine: hita ndogo isiyo na tangi, inayofungwa ukutani au kwenye kichwa cha bomba la manyunyu, na kuyapasha maji moto papo hapo yanapopita.

Makala haya hayakusudii kuipinga hita hiyo. Kifaa chenyewe ni chema, nacho humpunguzia mama wa nyumba moshi na kazi ya alfajiri. Kinachostahili kupingwa ni namna tunavyokichagua. Mnunuzi huuliza bei, huuliza nchi kilikotengenezwa, huuliza muda wa dhamana, kisha hukichukua nyumbani na kumwita fundi. Maoni yangu ni kwamba mwendo huo umepinduliwa. Hapana budi kuanza na nyumba, yaani nyaya zake, maji yake, idadi ya watu wake na mita yake ya umeme, ndipo tufike dukani. Tena hesabu yote inayotakiwa imo katika vitabu vya fizikia vya shule zetu za sekondari.

KASI NA KIASI

Swali linalosikika mara nyingi dukani ni hili: "Hii inakula umeme mwingi?" Swali hilo lina mambo mawili ndani yake, na shida yote huanzia katika kuyachanganya. Jambo la kwanza ni kasi ya kutumia nishati, ambayo hupimwa kwa wati au kilowati. Jambo la pili ni kiasi cha nishati kilichotumika, ambacho mita ya LUKU hukipima kwa uniti. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Kasi ndiyo inayounguza waya. Kiasi ndicho kinachomaliza fedha. Hita isiyo na tangi hutumia kasi kubwa kwa muda mfupi, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuisifu kwa uchache wa muda wake huku nyaya zake zikiungua dari lote.

Boila yenye tangi ina tabia iliyo kinyume. Kasi yake ni ndogo, aghalabu kilowati 1.5 hadi 2, lakini hukaa ikipasha maji kwa muda mrefu, na maji yaliyokwisha kupashwa hupoteza joto kupitia kuta za tangi hata siku ambayo hakuna anayeoga. Hita isiyo na tangi haina hasara hiyo ya kungoja. Karibu nishati yote inayoingia katika koili yake huingia katika maji. Hapo ndipo ubora wake ulipo, na hapo pia ndipo ugumu wake ulipo, kwani kazi ambayo tangi huifanya kwa saa nzima yenyewe yapaswa kuifanya katika sekunde chache ambazo maji yanapita.

Tufanye hesabu. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji takribani jouli 4,186. Tuseme maji ya bomba la Pasua asubuhi ya baridi yana nyuzi 20, na maji mazuri ya kuoga yana nyuzi 38. Tofauti ni nyuzi 18. Tukitaka lita 4 kwa dakika, ambayo ni manyunyu ya wastani tu, tunazidisha 4 kwa 4,186 kwa 18, kisha tunagawa kwa sekunde 60. Jibu ni wati 5,000 na kidogo. Ndiyo maana hita nyingi za umeme za aina hii zina kilowati 3.5 hadi 5.5. Muuzaji hakujitungia tarakimu hiyo. Maji yenyewe ndiyo yanayoidai.

Sasa tupande mlima. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 tunazopanda, na maji ya chemchemi na ya mabomba hufuata mwendo huo kwa kadiri. Katika vijiji vya Kibosho, Uru au Marangu vilivyo karibu na ukingo wa msitu, maji ya asubuhi yakiwa na nyuzi 14, tofauti inakuwa 24 badala ya 18. Hita ileile ya kilowati 5 haiwezi tena kutoa lita 4 kwa dakika. Itatoa lita 3 tu zenye joto lilelile. Mtu wa Marangu aliyesifiwa hita na shemeji yake wa Pasua, akainunua na kuiona dhaifu, hakuuziwa kifaa kibovu. Amenunua kifaa cha nyuzi 18 akakipeleka mahali penye nyuzi 24.

WAYA NDIO HUAMUA

Mkondo wa umeme unaoingia katika hita hupatikana kwa kugawa wati kwa volti. Kilowati 5 kwa volti 230 ni ampea 22 hivi. Soketi ya kawaida ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13, yaani chini kidogo ya kilowati 3. Kwa hiyo hita ya kilowati 5 haipaswi kuchomekwa katika soketi, hata kwa siku moja ya majaribio. Wala haipaswi kuunganishwa na nyaya za taa, ambazo katika nyumba zetu aghalabu huwa za milimita za mraba 1.5.

Tutazame kinachotokea ndani ya waya huo. Tukichukua umbali wa mita 20 kutoka kwenye mita hadi bafuni, umeme husafiri mita 40 kwenda na kurudi. Ukinzani wa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa urefu huo ni karibu omu 0.46. Mkondo wa ampea 22 ukipita humo, wati zaidi ya 200 hugeuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe, nao umefichwa ndani ya bomba la plastiki, ndani ya ukuta au juu ya dari la mbao. Waya wa milimita za mraba 6 katika umbali huohuo hupoteza wati 55 hivi, tena ukiwa na eneo kubwa zaidi la kupoza. Tofauti ya bei ya nyaya hizo mbili ni ndogo ikilinganishwa na bei ya dari, achilia mbali bei ya nyumba na walalao ndani yake.

Waya mwembamba unapozidiwa, sakiti breka hukata umeme. Hapo hutokea kosa baya kuliko yote: breka hutolewa na nyingine kubwa kuwekwa mahali pake, "isiwe inasumbua". Kufanya hivyo ni sawa na kumziba mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku. Breka huwekwa kwa kipimo cha waya inaoulinda. Ukiibadilisha breka bila kuubadilisha waya, ulinzi umekwisha. Kanuni ninayoipendekeza ni fupi: hita ya kilowati 5 iwe na waya wake yenyewe tangu kwenye mein swichi, usiopungua milimita za mraba 4, na ikiwa bafu liko mbali, milimita za mraba 6, iwe na breka yake yenyewe, na ifungwe na fundi mwenye leseni.

Liko jambo jingine ambalo wakazi wa mitaa yenye nyumba zilizosongamana wanalifahamu vyema bila kuambiwa na mwalimu: jioni, taa hufifia. Volti iliyoandikwa 230 huweza kushuka hadi 190. Kwa kuwa ukinzani wa koili ya hita haubadiliki sana, nguvu yake hupungua kwa mraba wa volti. Gawa 190 kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 0.68. Hita ya kilowati 5 sasa ni ya kilowati 3.4. Maji yaliyokuwa yakipanda nyuzi 18 yatapanda nyuzi 12 tu. Wengi wakiona hivyo huenda kununua hita kubwa zaidi, nayo huvuta mkondo mkubwa zaidi na kuishusha volti ya mtaa mzima zaidi ya hapo. Dawa ya kweli haiuzwi dukani: punguza kasi ya maji bombani, au uoge saa ambayo mtaa haupiki na haupigi pasi.

UHAI KABLA YA JOTO

Katika hita nyingi za bei nafuu zinazokaa kwenye kichwa cha bomba, koili yenyewe hugusana na maji. Maji ya bomba hupitisha umeme kwa kiasi fulani. Mwili wa mtu aliyelowa, akiwa amesimama pekupeku juu ya sakafu yenye maji, una ukinzani unaoweza kushuka hadi omu 1,000 hivi; volti 230 zikipita humo, mkondo ni miliampea 230. Miliampea 30 tu zaweza kuuhatarisha moyo.

Kwa hiyo waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, si nakshi. Ndio njia ambayo umeme uliovuja huipata badala ya kupita katika kiwiliwili cha mtu. Zamani mabomba ya chuma yaliyozikwa ardhini yaliweza kusaidia kazi hiyo. Mabomba ya plastiki tunayoyatumia sasa hayawezi. Fimbo ya ethi iliyopigwa nje ya nyumba yapaswa kupimwa kwa kipimo chake, kwa maana udongo mkavu wa kiangazi hupitisha umeme vibaya kuliko udongo wa masika. Pamoja na ethi, pawepo swichi ya usalama ambayo mafundi huijua kwa jina la RCD, inayokata umeme kwa chini ya nusu sekunde mara mkondo wa miliampea 30 unapopotea njia. Breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo, kwani inangoja mkondo ambao ni mkubwa mara mamia kuliko ule unaoua. Anayesema kwamba fedha za hita anazo ila za ethi na RCD hana, basi fedha za hita pia hajazipata bado.

HESABU YA MWEZI

Tuje kwenye mfuko. Mtu mmoja akioga kwa dakika 8 kwa hita ya kilowati 5, hutumia uniti 0.67. Watu watano hutumia uniti 3.3 kwa siku, yaani uniti 100 kwa mwezi. Katika bei za umeme zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani ambaye matumizi yake hayakuzidi uniti 75 kwa mwezi alitozwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa matumizi ya kawaida alitozwa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hizo, familia iliyotumia uniti 60 ililipa shilingi 6,000. Ikiongeza hita, ikafika uniti 160 na kuhamishiwa kundi la pili, italipa shilingi 46,720. Uniti hazikufika hata mara tatu, lakini malipo yamekuwa karibu mara nane. Kila atakayesoma makala haya aweke bei za siku yake katika hesabu hii. Hoja haitabadilika maadamu kuna mpaka baina ya mteja mdogo na mteja mkubwa.

Hesabu hiyohiyo hutuonyesha njia ya kupitia. Hita ya kilowati 3.5, kwa tofauti ya nyuzi 18, hutoa lita 2.8 kwa dakika. Dakika 4 ni lita 11, maji ambayo mtu aliyezoea ndoo na kata huoga akatakata. Watu watano wakioga hivyo hutumia uniti 35 tu kwa mwezi, na familia ambayo awali ilitumia uniti 40 hubaki ndani ya mpaka wa 75. Aidha, mji wa Moshi hauna baridi mwaka mzima. Atakayeizima hita tangu Oktoba hadi Machi atakuwa amekata gharama yake ya mwaka kwa nusu bila kununua kifaa chochote.

Katika nyumba za wapangaji wanaotumia mita moja, jambo hili lataka uangalifu zaidi. Hita ya mpangaji mmoja yaweza kuwavusha wote mpaka wa bei nafuu, na ugomvi wa LUKU ukaanza uani. Maoni yangu ni kwamba mwenye nyumba asiruhusu hita yoyote ya aina hii mahali ambapo kila mpangaji hana mita yake.

JE, GESI?

Zipo pia hita zisizo na tangi zinazotumia gesi ya mtungi. Hazina habari na volti, na nyingi huwashwa kwa betri ndogo, hivyo hufanya kazi hata umeme unapokatika. Mtungi wa kilo 15 una nishati ya takribani uniti 190. Tukiondoa inayopotea pamoja na moshi, zinabaki kama 150. Basi ukitaka kulinganisha, gawa bei ya mtungi kwa 150, na ulitazame jibu kando ya bei ya uniti moja ya umeme. Ni hesabu ya mstari mmoja.

Lakini gesi ina sharti lisilo na mjadala. Hita ya gesi ya kilowati 12 ikiwaka kwa dakika 8 hutumia hewa ya mita za ujazo 1.6 hivi. Bafu lenye upana wa mita 1.5, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2.4 lina mita za ujazo 7.2 tu. Zaidi ya sehemu moja kwa tano ya hewa yake imekwisha, na moto unapokosa hewa ya kutosha huzaa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Hita ya gesi ifungwe nje ya nyumba, mahali penye upepo, na maji ndiyo yaingie ndani kwa bomba. Asiye na ukuta wa nje wa kuifungia asiinunue.

Tena atazame kimo cha tangi lake la maji. Kila mita moja ya kimo huleta msukumo wa kilopaskali 10 tu, na hita hazianzi kuwaka mpaka msukumo ufikie kipimo kilichoandikwa katika karatasi zake. Tangi lililowekwa juu ya kinguzo kifupi laweza kuifanya hita nzuri ikae ukutani kama pambo.

TAIFA NALO LINAOGA

Wapo watakaosema kwamba tangu Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lianze kuzalisha umeme mwaka 2024, taifa limepata umeme wa kutosha, na hofu zangu zimepitwa na wakati. Hoja hiyo ina uzito, lakini umeme wa Rufiji haufiki bafuni kwa miujiza. Hupita katika transfoma ya mtaa. Transfoma ya kilovolti-ampea 100 hutosheka na hita 20 za kilowati 5 zikiwashwa kwa pamoja, kabla mtu yeyote hajawasha taa. Tukitaka mfano wa karibu, maji ya Kilimanjaro na Meru yanayokusanywa na mito ya Ruvu na Kikuletwa huzungusha mitambo ya Nyumba ya Mungu, yenye uwezo wa megawati 8. Hita 1,600 zikiwashwa saa moja jioni humaliza uwezo wote wa kituo hicho. Brazili, ambako bafu za manyunyu za umeme zilianza kutengenezwa katika miaka ya 1930 na zikaenea mijini, imejifunza jambo hilo kwa gharama: watu hurudi kazini, huoga kwa wakati mmoja, na gridi ya taifa hulazimika kujiandaa kwa saa hizo chache za kila jioni.

WITO KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Katika kufundisha chuo kikuu nimekutana na vijana wanaoweza kuandika kanuni ya joto bila kukosea herufi, lakini ambao hawajawahi kuitumia kwa bomba la kwao. Kosa si lao peke yao. Maswali tunayowapa huwa na koili na bika, hayana bafu.

Basi nawaomba walimu wawape wanafunzi kazi hii wiki ya kwanza ya Julai. Kila mmoja apime joto la maji ya bomba ya nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kwa kipimajoto cha maabara. Ajaze ndoo ya lita 10 na kuhesabu sekunde. Asome tarakimu za mita ya umeme leo na baada ya siku saba. Aulize unene wa waya uendao bafuni, na kama nyumba ina ethi. Asifungue chochote kwa mkono wake, aulize tu. Anayeishi Pasua na Majengo alete tarakimu zake, na anayeishi Kibosho na Uru alete zake, zipangwe ubaoni kwa kufuata kimo. Kisha darasa zima likokotoe ni hita ya kilowati ngapi inayofaa kila nyumba, na ni nyumba ipi isiyofaa kufungwa hita yoyote mpaka itakapotiwa nyaya upya.

Mwanafunzi atakayerudi nyumbani na jibu hilo katika daftari lake, akamweleza baba yake kabla hajakwenda dukani, atakuwa ameokoa fedha za familia, na pengine uhai wa mtu.